Sado ya Maharage

Kwa wiki sita Mwanahawa, mkusanya bei wa ofisi ya takwimu katika soko moja la Kihonda, alikuwa akiandika bei ileile ya maharage: sado moja, yaani kopo la rangi la lita nne, shilingi elfu kumi. Ofisini walifurahi kwamba bei imetulia. Akina mama sokoni walinung'unika kwamba sado moja sasa haifiki hata siku tatu.

Jumatatu hiyo alikuja na mzani.

"Shikamoo mzee. Nipimie sado moja."

"Marahaba, mwanangu. Leo unanunua!" Muuzaji akajaza kopo pomoni.

Mzani ukasoma kilo mbili na nusu. Sado nzima huzidi kilo tatu.

Alimwaga maharage, akatumbukiza mkono ndani ya kopo. Vidole viligusa kitako mapema mno. Kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikabonyea kwa ndani, na alama zake bado zinang'aa.

"Bei imepanda!" alipiga kelele. "Ilijificha humu!"

"Taratibu, mwanangu," muuzaji alinong'ona.

Lakini mama mmoja alikuwa ameshapindua kopo la meza ya pili, na mwingine la tatu.

Mwanahawa akapanda juu ya gunia.

"Yaleteni makopo yote hapa kwenye mzani!"