Kengele za Bustani

Mume wa Mounira alitundika kengele za baiskeli na vijiko vya zamani katika bustani yao mjini Kasongo. "Upepo ikipita, roho yako itatulia," alimwambia, naye Mounira akamshukuru.

Wiki hiyo habari ikafika kwamba mama mzazi wa Mounira ameugua sana huko Nyangwe. Mume akamkatalia safari.

Mchana, mume alipolala, Mounira alivuta mlango wa ua polepole. Hapakuwa na upepo, lakini vijiko vyote vikalia. Ndipo alipouona waya mwembamba, umefungwa kutoka mlangoni hadi kwenye kengele.

"Unaenda wapi?" mume aliuliza kutoka ndani.

"Niko nasikiliza tu," alijibu Mounira, huku akiupinda na kuupindua waya kwa vidole mpaka ukakatika.