Usaili wa Mnarani Ngenge

Kupanda alipanda mwenyewe, kwa miguu yake na bismillahi mdomoni. Hakuna aliyemsukuma. Sasa Awadhi alikuwa juu ya mnara wa mbao, amekumbatia nguzo, macho kayafumba, na kila upepo ulipopita kwenye misonobari alihisi mnara mzima unatembea.

"Shuka, waitu, ndugu yangu," Kahigi, msimamizi wa msitu, alimwita kutoka chini. "Weka mguu kwenye ngazi."

Mguu gani? Miguu ilikuwa imegoma.

Alikuwa ametoka Kagondo, mjini Bukoba, akaja huku Ngenge kwa sababu moja tu: mkewe. Maimuna alikuwa kwao tangu Ramadhani. Baba yake, mzee Muksini, alimchukua binti yake na kusema atamrudisha siku Awadhi atakapokuwa na kazi ya kueleweka, si hii ya kushinda stendi akibeba mizigo ya watu. Awadhi alimpenda Maimuna, na nyumba bila yeye ilikuwa imemshinda. Kwa hiyo aliposikia kuna mjane anaitwa Mama Gaudensia, anatafuta mlinzi wa kuangalia moto kwenye msitu wake, hakuuliza mara mbili. Asubuhi yeye na wenzake waliokuja kuomba kazi hiyo waliulizwa kama wanaogopa kupanda juu. Yeye akasema haogopi kitu. Uongo mtupu! Huyu ni mtu ambaye hata paa la nyumba yake likivuja, anayepanda kuliziba ni jirani.

Mama Gaudensia hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipoanza kusimulia habari za moto alishindwa kujizuia. Misonobari ile aliipanda na marehemu mumewe. Moto wa kwanza uliwaka mlinzi ameshuka kwenda kunywa rubisi, pombe ya ndizi. Aliyefuata akashuka kwenda msibani, na msiba wenyewe wala haukuwa wa ndugu yake. Wa mwisho alishuka kununua sigara, akakutana na watu wa kupiga nao soga, na aliporudi nusu ya msitu ilikuwa majivu. Mama alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema kila mmoja apande mnara, afike juu, halafu ashuke. Yeye atatazama.

Wa kwanza alikuwa Shilogile, mvuvi wa visiwani aliyechoka na ziwa. Alipanda kama anakwenda zake shambani, akashuka anapiga mluzi. Awadhi aliona wivu. Lakini Mama Gaudensia alimtazama Shilogile kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari, akamwambia atapigiwa simu. Wengine nao ikawa hivyo hivyo. Walipanda, wakashuka upesi, wakashukuriwa, wakaitiwa bodaboda.

Ikafika zamu ya Awadhi. Kupanda kulikuwa na nafuu, maana alitazama mbao zilizo mbele ya pua yake, basi. Juu alikuta kibanda kidogo chenye godoro ambalo bado lilikuwa ndani ya nailoni, madumu ya maji, blanketi na ndoo yenye mfuniko. Aliviona, hakuvijali. Kisha akafanya kosa la kutazama chini.

Hapo ndipo alipoikumbatia nguzo.

Adhuhuri ikaingia, akaswali amekaa, mkono mmoja kwenye nguzo. Kahigi alipanda mpaka karibu, akamnyooshea mkono, akambembeleza kwa Kiswahili na kwa Kihaya. Awadhi akalia. Alilia kweli, mtu mzima na ndevu zake, kwa hofu na kwa aibu, maana alijua kazi imekwenda na Maimuna amekwenda nayo. Kahigi akashuka, akamnong'oneza Mama Gaudensia. Mama akainuka kwenye gogo alilokuwa amekalia, akasogea chini ya mnara.

"Mwanangu, huwezi kabisa?"

"Siwezi, mama. Nisamehe, asubuhi nilikudanganya."

"Na ukisikia njaa?"

"Hata niambiwe mke wangu yuko hapo chini ananisubiri, mama. Siwezi."

Mama Gaudensia aliitazama ngazi. Kisha akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Basi kazi umepata," alisema.

Awadhi alifumbua macho. Hakuelewa imekuwaje, lakini riziki ikija mtu hakai kuihoji. Labda mama wa watu alimwonea huruma. Labda alipenda ukweli wake. Mtandao huko juu ulikuwa mzuri, akampigia Maimuna, na Maimuna alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Mzee Muksini alimnyang'anya binti yake simu. Alimpongeza mkwewe kwa sauti ya mtu aliyekubali yaishe, akamwambia aje mwenyewe kumchukua mkewe, leo hii, maana binti yake hasafirishwi kama kifurushi. Awadhi aliapa kwamba magharibi itamkuta mlangoni kwao.

Alikata simu akiwa na furaha ambayo hajaipata mwaka mzima. Akamwita Kahigi, akamwomba walete kamba wamfunge kiunoni, wamteremshe taratibu, na kesho asubuhi na mapema atarudi kuanza kazi.

Kamba ilikuwapo, tena Kahigi alikuwa ameishika. Alikuwa anafungia sufuria ya ndizi na maharage, akaanza kuivuta kupitia kapi, ikawa inapanda polepole kuelekea kibandani. Ilipofika, akaifunga kamba kwenye mti, akamgeukia Mama Gaudensia na kumuuliza kama sasa aiondoe ngazi.

"Ya nini?" alisema Mama Gaudensia, akishika njia ya kurudi nyumbani. "Iache tu hapo hapo."