Kibandiko cha Winfrida

Katika chuo cha afya cha wilaya siku hizi ugonjwa hausomwi vitabuni. Mwanafunzi hubandikwa shingoni kibandiko chenye ugonjwa, akaugua siku tatu, ndipo afanye mtihani. Winfrida, binti wa bosi wangu, vyake alinibandika mimi, mpishi wao. Malaria, pumu, moyo, yote niliugua nikisonga ugali, naye akiandika ninayomsimulia huku kucha zake zikikauka rangi. Akafaulu kuliko wote.

Jana, tukiandaa sherehe yake, mama yake alishika kifua, jasho likamtoka, akaanguka kitini. Winfrida akanikimbilia jikoni.

"Dada Mwanaidi, ugonjwa huu ni upi?"

Naujua. Niliugua mwezi wa tatu, na mimi sikupewa hata kiti.

"Tabibu ni wewe," nikamwambia, nikarudi kwenye vitunguu vyangu.