Kunguru Alipomtuma Fuko

Diwani wa wanyama wa Mtaa wa Gereji alipohamia shamba, uchaguzi mdogo ukaitishwa. Kunguru, bingwa wa maneno, akaanza kampeni. Kila alipohutubia, Kuku alimuuliza, "Na mtaro ulioziba, mheshimiwa? Vifaranga wangu wanalala majini."

Kunguru akaogopa kukosa kura. Akamwendea Fuko, mchimbaji asiyependa kusemasema. "Ndugu yangu, nizibulie mtaro ule. Nikishinda nitakukumbuka."

"Usijali," Fuko akasema. "Hata mimi maji yananifikia." Akachimba siku tatu, maji yakaondoka.

Siku ya kura, kila mnyama alitakiwa kupanga foleni nyuma ya anayemtaka. Kunguru akatanua mbawa. "Mmeiona kazi yangu?"

"Umechimba kwa mdomo huo?" Kuku akauliza.

"Nilimtuma Fuko!"

"Basi na sisi tunamtuma Fuko," akasema Kuku, akaenda kusimama nyuma ya Fuko, ambaye bado alikuwa na matope usoni. Mtaa mzima ukamfuata.

Fuko akababaika. "Jamani, mimi hotuba siziwezi."

Kunguru alinuna kidogo, kisha akacheka. "Hizo niachie mimi, mheshimiwa."