Viatu Nje ya Pijo

"Ni gari la kampuni hilo, mama. Linabeba saruji kila siku," Shekiondo alimwambia afisa wa kodi, huku Pijo lake la zamani liking'aa mbele ya duka lake la saruji. Likiandikwa kuwa ni la starehe, kodi yake ingemlazimu aliuze.

"Hebu liwashe nilisikie."

Shekiondo akafungua mlango, akavua viatu kama alivyozoea, akaviweka chini na kuingia. Alipogusa ufunguo ndipo akakumbuka kwamba gari la saruji halivuliwi viatu.

Yule mama aliviangalia viatu kwa muda. Kisha akachomeka kalamu mfukoni, akavua vyake.

"Kabla sijaandika, mzee wangu, nizungushe kidogo."

Wakaondoka taratibu, jozi mbili za viatu zikabaki pale mbele ya duka, zikiingia vumbi la saruji.