Matanga ya Kangaga

Mvua ilipokosekana miezi minne, kangaga lililoota jiweni lilikunja majani yake yote, likawa kama ngumi ya kahawia. Chura, aliyekaa kivulini mwake tangu utotoni, ndiye aliyetangaza msiba. Alikula ubwabwa wa matanga mara mbili, kisha akamwita Kima aje ang'oe marehemu akatandike kitandani kwake.

"Anzia upande wangu," akamwambia. "Huku majani ni mengi."

Konokono akajibandika juu ya shina. Mayai yake yalikuwa chini ya mizizi ile.

"Nani amempima?" akafoka.

"Dada, mtazame mwenyewe," Chura akasema. "Amekauka."

"Na mimi kila kiangazi najifungia ndani ya gamba, sijongei. Mbona hamjanizika? Ondokeni, walafi wa misiba nyie!"

Kima akacheka, akang'oa upande wa Chura wote, akaenda zake. Safari hii Konokono hakujifungia gambani. Alilinda kilichobaki siku tisa, ute ukimkauka mwilini, hadi mvua ikanyesha.

Kulipokucha, kangaga lilikuwa limekunjua majani mabichi kabisa. Jua likapanda. Chura akaja akirukaruka, ngozi ikimuungua.

"Dada, sogea kidogo nikae hapo kivulini."

"Kivuli cha nani?"

"Cha kangaga."

"Si ulishakula ubwabwa wake?" Konokono akamwonyesha jiwe tupu upande ule uliong'olewa, jeupe kwa jua. "Mahali pako ni palepale. Hakuna aliyekunyang'anya. Kakae."