Mlango wa Miaka Mia Mbili

Siku tatu nzima Fundi Shebwana alikuwa akiuzeesha mlango alioumaliza kuchonga mwezi uliopita. Aliupiga kwa mnyororo, akaupaka majani ya chai yaliyochemshwa, mpaka mbao mpya zikaonekana kongwe. Jumba la mtaa wao lilikuwa linageuzwa hoteli.

"Hapa katikati chonga mwaka," alisema mwenye hoteli. "Rudisha nyuma miaka mia mbili. Wageni wanapenda uzee."

"Na mlango wenyewe uliokuwa hapa, tajiri? Ule aliouchonga babu yangu?"

"Uliliwa na mchwa, fundi. Tumeung'oa."

Fundi akachonga mwaka wa uongo, akapuliza vumbi.

Adhuhuri aliitwa uani, ambako Bi Somoe alikuwa akiwapikia vibarua. Kati ya mafiga, chini ya sufuria, kilikuwa kikiungua kipande cha mbao chenye ua la yungiyungi alilolichonga babu yake.

"Kuni hizi zina moto, mwanangu!" Bi Somoe alisema huku akimpakulia. "Mti mzima, hauna hata tundu moja la mchwa."

Fundi Shebwana alinawa mikono, akapokea sahani. Wali ulikuwa umeiva vizuri.